Wiki ya Meneja wa Mikataba ya Ujenzi: Ushauri kwa Walio Kisii na Nyamira

Swali hili hunifikia karibu kwa maneno yaleyale. Mara linatoka kwa kijana aliyehitimu na kuajiriwa na kampuni ya ujenzi pale Kisii mjini, mara kwa mama aliyeachiwa ofisi ya mumewe huko Nyansiongo. Meneja wa mikataba hufanya nini hasa, Jumatatu hadi Ijumaa? Kazi ya nyapara inaeleweka, na ya injinia pia. Lakini huyu anayeshinda na mafaili, anayefuatilia vocha ofisi za kaunti na asiyeshika koleo kamwe, wiki yake hupangwaje?

Jibu langu ni moja. Kazi yake ni kuhakikisha kila kilichofanywa saiti kimepimwa, kimeandikwa na kimetiwa saini kabla hakijafunikwa na udongo au kusahaulika. Mkandarasi hulipwa kwa kilichoandikwa. Nimeona kampuni za huku kwetu zikijenga kwa ustadi, ukuta umenyooka, paa halivuji, kisha zikashindwa kulipa duka la vifaa kwa sababu theluthi ya kazi haina karatasi. Kwa hiyo wiki yako ipangwe kuzunguka karatasi, na karatasi zenyewe ziandikwe siku ya tukio, si mwisho wa mwezi.

Ratiba ninayoieleza hapa inaifaa kampuni ndogo au ya kati yenye saiti mbili tatu: tuseme madarasa ya NG-CDF pale Bobasi, zahanati ya kaunti Borabu, na barabara ya KeRRA inayopita katikati ya mashamba ya chai. Ukiwa na saiti moja tu, mambo ni yaleyale, ila siku zitabanana.

## Kwanza kabisa: ukurasa mmoja ukutani

Kabla ya kupanga wiki, soma mkataba wako wote, halafu toa mambo yafuatayo uyaandike kwenye ukurasa mmoja na kuubandika ukutani:

- Mkataba ni wa aina gani. Majengo ya watu binafsi mara nyingi hutumia ule wa JBC wa 1999. Kazi za serikali hutumia nyaraka za PPRA. Barabara kubwa, hasa zenye fedha za wafadhili, hutumia FIDIC.
- Tarehe ya kupewa saiti, muda wa kazi, na tarehe ya kukabidhi.
- Fidia utakayokatwa kwa kila siku au wiki ya kuchelewa.
- Siku ulizopewa kutoa notisi ya dai.
- Jina la cheo chenye mamlaka ya kukupa maagizo. Cheo kimoja. Mwalimu mkuu, diwani na mwenyekiti wa kamati wana heshima zao, lakini maagizo yao hayalipwi.
- Asilimia ya ritensheni, yaani pesa zinazozuiwa katika kila cheti, na lini zitarudishwa.
- Tarehe ya kuisha kwa dhamana ya utekelezaji na bima. Dhamana ikiisha saiti ikiendelea, umevunja mkataba hata kama hakuna aliyelalamika.

Kama saiti iko Keroka, ongeza jambo moja: uko kaunti gani? Mji huo umekaa mpakani, na vibali pamoja na ushuru wa malori ya mchanga na kokoto hutegemea upande uliopo.

## Wiki ya huku haifanani na ya Nairobi

Kisii na Nyamira zina Waadventista Wasabato wengi sana. Sehemu kubwa ya mafundi wako hawatashika kazi Jumamosi, na Ijumaa watataka kufika nyumbani kabla jua halijatua. Anayeleta programu ya kazi iliyochorwa kwingine, Jumamosi ikihesabiwa siku kamili, huanza kuchelewa tangu wiki ya kwanza bila kujua kwa nini.

Fanya hivi:

1. Siku ya kwanza saiti, uliza nani hafanyi kazi Jumamosi na nani hafanyi Jumapili. Usikisie kwa jina la mtu.
2. Wasabato wakiwa wengi, kubalianeni kazi iende Jumapili hadi Ijumaa adhuhuri. Kisha omba kibali cha mshauri wa mradi kwa maandishi, kwa kuwa mikataba mingi hutaja siku na saa za kazi, na mkaguzi wake lazima awepo kazi ikiendelea.
3. Zege kubwa la sakafu au la nguzo limwagwe kati ya Jumatatu na Alhamisi. Zege la Ijumaa linahitaji mtu wa kulimwagia maji Jumamosi. Zaidi ya hapo, vipande vya majaribio huvunjwa baada ya siku 7 na siku 28, na zote mbili huangukia siku ileile ya wiki uliyomwaga. Zege la Jumamosi lina majaribio yake Jumamosi, maabara ikiwa imefungwa.
4. Malipo ya vibarua yatumwe Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi. Fundi anayesubiri M-Pesa hadi saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa ameharibiwa Sabato yake, na atalikumbuka hilo siku atakapoitwa na mkandarasi mwingine.

## Jumatatu: madaftari matatu

Asubuhi ya Jumatatu usiende saiti. Keti ofisini na madaftari matatu, ya karatasi au ya kompyuta, na uyapitie mstari kwa mstari.

La notisi. Kila tukio linaloweza kukuchelewesha au kukugharimu liko hapa, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuliandikia barua.

La maagizo. Kila agizo la injinia au msanifu, lililoandikwa na lililotamkwa, na kama limethibitishwa.

La vyeti. Kila ombi la malipo limefika meza gani, lini, na nani analo.

Daftari la notisi ndilo linalopuuzwa zaidi, nami nakusihi uanze nalo. Chukua barabara inayopanuliwa. Unafika mahali unakuta nguzo za umeme hazijahamishwa, bomba la maji la GWASCO limepita katikati ya mtaro, na familia moja inasema mikaratusi yake haijalipwa fidia. Mitambo inasimama. Watu wengi hupiga simu, wanaambiwa "tunalishughulikia", wanasubiri. Chini ya FIDIC ya 1999 una siku 28 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua tukio hilo kutoa notisi, na siku 42 za kuleta dai lenye hesabu zake. Ukizipita zile 28, dai lako la muda na la pesa limekufa, hata kama kila mtu alikuona umesimama.

Notisi si lazima iwe ndefu. Iwe na:

- tarehe na mahali penyewe, kwa mfano kilomita 2+350 upande wa kulia;
- kilichotokea na tangu lini;
- kifungu cha mkataba unachotegemea;
- sentensi moja kwamba unakusudia kuomba muda na gharama, na hesabu zitafuata;
- mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Huo mhuri ni nusu ya barua. WhatsApp iliyosomwa na kuwekewa tiki mbili za buluu haichukui nafasi ya njia ya mawasiliano iliyotajwa katika mkataba.

## Jumanne: saiti, na tepu mkononi

Siku hii ni ya kutembea. Ondoka mapema, maana msongamano wa katikati ya mji wa Kisii unaweza kukulia asubuhi nzima, na mchana mvua huja.

Unakwenda kufanya jambo moja kubwa: kupima kinachokaribia kufunikwa. Misingi, nondo kabla ya zege, mabomba kabla ya kufukiwa, tabaka la maramu kabla ya tabaka linalofuata.

Angalia mfano huu, maana ardhi yetu ya vilima huuleta kila mara. Michoro inasema msingi una kina cha mita 1.2. Kiwanja kina mteremko, na kona ya chini udongo ni laini. Injinia anafika, anabonyeza kwa kisigino, anasema: "Endeleeni chini hadi mpate udongo mgumu." Unapatikana kwenye mita 2.1. Upana ni mita 0.6, urefu wa sehemu hiyo mita 18. Hiyo ni mita za ujazo 9.72 za uchimbaji ambazo hazimo kwenye BQ, yaani orodha ya vipimo na bei, na mita za mraba 16.2 za ukuta wa mawe wa ziada, bado hujahesabu kifusi cha kubebwa. Mawe yakishapanda na udongo ukarudishwa, mkadiriaji anayekuja mwezi ujao ataona ukuta unaotokeza juu ya ardhi na mchoro unaosema 1.2. Atalipa 1.2, na hana kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kufunika:

1. Pimeni pamoja na mwakilishi wa mshauri. Asipokuwepo, mwandikie saa utakayopima, pima, na umpelekee karatasi siku hiyohiyo.
2. Piga picha tepu ikionekana, na nyingine ya mbali inayoonyesha ni kona gani ya jengo. Picha ya shimo peke yake haithibitishi chochote.
3. Andika karatasi ya vipimo yenye namba, mchoro wa mkono, na saini mbili.
4. Thibitisha agizo lenyewe kwa barua. Chini ya FIDIC ya 1999, ukithibitisha agizo la mdomo kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na injinia asikatae kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, thibitisho lako linakuwa agizo lake. Mkataba wako ukiwa mwingine, fuata siku zilizomo.

### Onyo kuhusu kazi za serikali

Hapa ndipo wenzetu wengi huumia. Katika kazi ya umma, kukubali kwa injinia hakutoshi. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinataka badiliko la mkataba liidhinishwe kwa maandishi na mamlaka iliyotoa zabuni. Kiasi cha kazi za ujenzi kisiongezeke kwa zaidi ya asilimia 20, na mabadiliko yote yakijumlishwa yasipandishe bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Bei haiwezi kupandishwa kabisa ndani ya miezi 12 ya kwanza tangu kusaini. Tena badiliko lifanyike muda wa mkataba ukiwa bado haujaisha.

Maana yake kwa wiki yako: kila Jumanne jioni jumlisha mabadiliko yote hadi leo na uyagawanye kwa bei ya mkataba. Ukifika asilimia 12 au 15, andika barua ya tahadhari. Ukiruka mpaka wa sheria kwa nia njema, kwa kuwa "wananchi wanaisubiri zahanati", utakuwa umewajengea kwa pesa zako.

## Daftari la saiti

Nyapara ndiye anayeandika, wewe ndiye unayesoma na kusaini kila unapofika. Mfano wa siku moja iliyoandikwa vizuri:

*Jumanne. Asubuhi wingu, kavu. Mvua kubwa saa tisa hadi saa kumi na nusu. Mtaro wa upande wa chini umejaa, tumetoa maji kwa pampu. Mafundi wa mawe 6, wa nondo 2, vibarua 11. Mashine ya kuchanganya zege imesimama tangu saa tisa. Vimefika: mchanga lori 1, simiti mifuko 60. Injinia amefika saa tano, ameagiza kona ya chini ichimbwe hadi udongo mgumu. Kipimo kimechukuliwa naye, karatasi namba 7.*

Dakika kumi zinatosha. Daftari linaloandikwa Ijumaa kwa siku tano zilizopita hujulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja, hali ya hewa "nzuri" siku zote. Msuluhishi akiliona, ataliweka kando.

## Mvua: dai ambalo watu hulikosea

"Mvua imetusimamisha wiki tatu, kwa nini wamekataa kutuongezea muda?"

Kwa sababu mkataba haukupi muda kwa mvua. Unakupa muda kwa mvua isiyo ya kawaida. Nyanda za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na Aprili na Mei ndiyo kilele. Mvua ya alasiri mwezi wa Aprili pale Kisii ni jambo ambalo mkandarasi mzoefu alitakiwa kulitia katika programu na bei yake. Ukiandika "kulikuwa na mvua nyingi", utajibiwa kwamba kila mwaka kuna mvua nyingi.

Dai linalosimama hujengwa hivi:

- Weka kipimamvua saiti na usome kila asubuhi saa ileile. Ni chombo rahisi.
- Omba takwimu rasmi za mwezi huo kwa Idara ya Hali ya Hewa, pamoja na wastani wa miaka mingi wa kituo cha karibu. Kisii kuna kituo.
- Onyesha tofauti: mwezi huu ukilinganishwa na wastani wake.
- Onyesha ni kazi gani iliyosimama, na kwamba ndiyo iliyokuwa inashikilia tarehe ya kumaliza. Mvua iliyonyesha mkipiga plasta ndani haikuchelewesha chochote.
- Hesabu pia siku ya kukauka. Udongo wetu mwekundu ukilowa, roli haliingii barabarani kesho yake hata jua likiwaka. Andika hivyo daftarini, siku hiyo.

Na ujue kwamba hali ya hewa mara nyingi hukupa muda bila pesa. Muda wenyewe ni pesa, maana unakuepusha na fidia ya kuchelewa.

## Jumatano: cheti cha malipo

Toa siku nzima kwa jambo hili. Tuseme mwezi huu umefanya kazi ya shilingi 4,000,000 bila VAT:

- Ritensheni asilimia 10: toa 400,000. Inabaki 3,600,000.
- VAT asilimia 16: ongeza 576,000.
- VAT inayozuiwa na mlipaji, asilimia 2 ya 3,600,000: toa 72,000.
- Kodi ya zuio ya mkandarasi mkaazi, asilimia 3: toa 108,000.
- Kitakachoingia benki: 3,996,000.

Mkurugenzi akiona karibu milioni nne benki atafurahi, atanunua vifaa vya saiti nyingine. Mzuie. Ndani ya pesa hizo, 504,000 ni VAT ya KRA, ambayo hupungua tu kwa ile uliyolipa kwenye manunuzi yako yenye ankara za eTIMS. Lori la mchanga lililonunuliwa bila ankara hiyo linakuumiza kwenye VAT, na linakuumiza tena kwenye kodi ya mapato.

Kuna jambo gumu zaidi. VAT ya kazi ya ujenzi huweza kudaiwa mara cheti kinapotolewa, na marejesho huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama kaunti haijakulipa shilingi. Kwa hiyo mhasibu wako ajue cheti kimetoka siku hiyohiyo, si siku pesa zitakapoingia.

### Fuata faili, meza kwa meza

Katika kaunti, ombi lako hupita takriban hivi: mainjinia wa kazi za umma hupima na kuandaa cheti, kamati ya ukaguzi na upokeaji hutia saini, idara yenye mradi huandaa vocha, vocha huingizwa kwenye mfumo wa IFMIS, Msimamizi wa Bajeti huidhinisha fedha zitolewe, Benki Kuu huzituma.

Makosa yanayorudisha faili nyuma ni madogo na ni yaleyale:

- jina la kampuni kwenye cheti halifanani na la cheti cha ulipaji kodi;
- karatasi za vipimo hazikuambatishwa;
- cheti cha ulipaji kodi kimekwisha muda;
- namba ya mkataba imekosewa tarakimu moja;
- mwanakamati mmoja hakusaini kwa kuwa hakupelekwa saiti. Mpangie usafiri na idara mapema.

Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Kazi iliyokamilika Machi isingoje Juni kuombewa malipo. Wakati huo kila mkandarasi wa kaunti yuko kwenye foleni ileile. Vocha ikikosa kulipwa kabla ya mwaka kufungwa, inahamia kwenye orodha ya madeni ambayo lazima yatengewe bajeti upya, na kungoja kunaweza kuwa kwa muda mrefu.

Mtaniuliza, kama mnavyouliza kila mara: bila kumpa mtu kitu kidogo, faili litasonga? Litasonga polepole zaidi mahali pengine, sitawadanganya. Lakini faili lisilo na kasoro humnyima mtu kisingizio cha kulishikilia, na barua ya kuuliza iliyopigwa mhuri humfanya alieleze. Hongo ni kosa la jinai, na inaweza kukufungia zabuni za umma. Usianze.

## Alhamisi: mafundi wadogo, wauzaji, na mishahara

Nusu ya kwanza ya siku ni ya waliokufanyia kazi. Fundi wa umeme, wa mabomba, wa paa, wa plasta: kila mmoja awe na mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Uwe na kazi yenyewe, bei kwa kipimo, nani analeta vifaa, lini atalipwa, ritensheni yake ni ngapi, na nani anarekebisha kasoro. Fundi akiwa binamu yako, andika vilevile. Ugomvi wa pesa kati ya ndugu huingia hadi kwenye mazishi, na karatasi huwaheshimu wote wawili.

Mambo ya kukagua kila wiki:

- Vibarua wa siku. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mkataba, mwenye haki ya notisi. Daftari la majina lionyeshe nani yuko tangu lini.
- Makato. PAYE, SHIF, NSSF na ushuru wa nyumba hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. SHIF ni 2.75.
- Bima ya WIBA. Mtu akianguka kutoka jukwaani bila bima hiyo, kampuni ndogo inaweza kufungwa na ajali moja.
- Mchanga na kokoto. Pima lori likiwa bado limejaa, kabla halijamwaga. Risiti isiyo na saini ya mtunza stoo usiilipe.

Alasiri ni ya zabuni mpya. Sitasema mengi hapa ila hili: ukishindwa na ukaona umeonewa, una siku 14 tu tangu kujulishwa kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma. Yahesabu kuanzia siku barua ilipofika.

## Ijumaa: barua zote zitoke

Funga wiki kabla ya adhuhuri. Mkurugenzi apate ukurasa mmoja kwa kila saiti:

1. Kazi iliyofanywa wiki hii kwa shilingi, ikilinganishwa na mpango.
2. Kilichoombwa, kilichoidhinishwa, kilicholipwa. Namba tatu tofauti, zisichanganywe.
3. Mabadiliko hadi leo, kwa asilimia ya mkataba.
4. Notisi zilizotolewa, na zile ambazo siku zake zinakwisha wiki ijayo.
5. Uamuzi mmoja unaotaka kutoka kwake.

Kisha pakia picha, karatasi za vipimo na kurasa za daftari mahali pengine nje ya saiti. Kibanda cha mabati kinavuja, na simu ya nyapara huibiwa.

## Pingamizi mnazoniletea

"Nikiandika barua nyingi, injinia atanichukia." Mwambie mapema, ana kwa ana, kwa heshima: "Injinia, nitakuwa nakuthibitishia mambo kwa barua ili sote tuwe salama mbele ya mkaguzi wa hesabu." Yeye pia ataulizwa na wakaguzi kwa nini kilipwe kisichokuwa kwenye michoro. Barua yako ndiyo jibu lake. Lugha iwe ya adabu, isiyo na lawama.

"Kampuni yetu ni ndogo, haiwezi kumwajiri meneja wa mikataba." Basi kazi hii apewe mtu mmoja kwa jina, hata akiwa ni mwenye kampuni, kwa Jumatatu asubuhi na Ijumaa asubuhi zisizoguswa. Ikiwa ya kila mtu, haitafanywa.

"Ni kazi ya kanisa, au ya mzee wa kwetu aliye ng'ambo. Mkataba utaonekana kama hatumwamini." Hizi ndizo zinazohitaji karatasi zaidi. Mwenye nyumba yuko mbali, anatuma pesa kwa awamu, na kaka yake saiti anabadilisha dirisha, anaongeza choo. Andika orodha ya kazi na bei, awamu za malipo, na sharti kwamba badiliko lolote lithibitishwe na mwenye pesa kabla ya kuanza. Sauti ya WhatsApp isikilizwe, iandikwe, mwenye pesa arudishiwe aseme "sawa".

"Cheti kimekaa miezi, nisimamishe kazi?" Usisimame kwa hasira. Ukisimama bila kufuata kifungu, mwenye kosa unakuwa wewe. Soma mkataba unasema malipo yanachelewa lini: FIDIC ya 1999 hutoa siku 56 tangu injinia apokee ombi lako, na siku 21 za notisi kabla ya kusimamisha au kupunguza kasi ya kazi. Andika kwanza barua ya kudai riba kwa kila siku iliyopita, kisha notisi, kisha ndipo hatua. Deni la muuzaji au fundi lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kuamua kesi ndani ya siku 60. Kumbuka mlango huo uko wazi pia kwa wale wanaokudai wewe.

## Ritensheni isisahaulike

Kazi imekabidhiwa, riboni imekatwa, kampuni imehamia saiti nyingine. Nusu ya ritensheni kwa kawaida hurudi wakati wa kukabidhi, na nusu nyingine kipindi cha kasoro kikiisha, mara nyingi miezi 6 au 12 baadaye. Hakuna atakayekupigia simu kukuambia muda umefika.

- Siku ya kukabidhi, andika tarehe ya mwisho wa kipindi hicho kwenye daftari la vyeti.
- Mwezi mmoja kabla, nenda mwenyewe. Fungua kila mlango, washa kila taa, tazama nyufa za plasta na mifereji ya paa baada ya mvua.
- Tengeneza orodha yako ya kasoro kabla mshauri hajatengeneza yake, na uzirekebishe.
- Mwite mshauri kwa barua akague, umwombe cheti cha kumaliza kasoro.
- Peleka ombi la malipo wiki hiyohiyo, na nakala ya kila cheti kilichotangulia ikiwa imeambatishwa, kwa kuwa ofisa aliyeshughulikia kazi yako mwaka jana huenda amehamishwa na faili halipatikani.